Turubai limetuangukia Kigombe: nifunge kamba vipi safari ijayo?

Binti wa Ngamiani

Habari zenu jamani. Nane Nane tulikwenda kulala ufukweni Kigombe, watu saba, mimi na wadogo zangu na mabinamu. Hema tulikuwa nalo moja tu la watu wawili, kwa hiyo nikanunua turubai la bluu la mita 4 kwa 6 na kamba ya katani mita 20. Mtoto wa Tanga ningenunua kamba gani nyingine?

Tukalifunga kwenye mivinje minne, tukalikaza hasa, ukilipiga kofi linalia kama ngoma. Watu wakapiga picha. Saa kumi alfajiri nasikia praaa! Kona imechanika, ile pete ya chuma imebaki inaning'inia kwenye kamba, turubai lote usoni mwetu. Kinachonishangaza ni kwamba upepo wakati ule ulikuwa umetulia. Mchana ulivuma vibaya sana na halikutikisika. Usiku ule kulikuwa na umande na manyunyu kidogo, basi.

Kona moja nilitumia kamba ya plastiki ya kijani tuliyoiokota pale pale. Hiyo haikuchana kitu, ilijifungua yenyewe tu ikaanguka. Na asubuhi mafundo ya katani yaligoma kabisa kufunguka, tukayakata kwa kisu cha samaki. Kamba yangu ya mita 20 nimerudi nayo vipande kumi na moja.

Desemba tunarudi na safari hii mama anakuja. Nielezeni kwa maneno, tafadhali. Video nimetazama, yule jamaa mikono yake inakwenda mbio kama anahesabu pesa za watu.

Utingo Mstaafu

Pole dada, ila hapo kwenye vipande kumi na moja nimecheka peke yangu. Nimepanda juu ya Fuso la machungwa ya Muheza miaka tisa, turubai nalijua.

Kwanza, acha kuvuta kwa nguvu za mikono. Funga kamba kwenye kona. Kabla haijafika mtini, bakisha kama urefu wa mkono, hapo isokote mara moja upate kiduara. Chukua mkunjo wa kamba upande unaoelekea mtini, mkunjo tu, si ncha, uchomeke kwenye kiduara uvute. Umepata sikio. Ukichomeka mkunjo wa upande wa turubai, sikio litajinyonga ukikaza, utanitukana bure. Sasa ncha izungushe mti, irudi ipite kwenye sikio, halafu uivute kuelekea mtini tena. Utashangaa, ni kama mmekuwa wawili mnavuta. Bana kwa vidole, piga fundo chini ya sikio mara mbili, na la mwisho lipige kwa mkunjo badala ya ncha. Kufungua ni kuvuta ncha tu. Tukifika sokoni saa tisa usiku hakuna mtu anatafuta kisu.

Babu wa Sahare

Anaandika mjukuu wangu, mimi nasema. Utingo kasema kweli, lakini kweli ya lori. Turubai la lori limelalia mzigo, kaza utakavyo. La binti limelalia hewa. Akilikaza kwa sikio hilo atang'oa kona zote nne badala ya moja.

Mwanangu, turubai lako limechanwa na umande. Katani ikilowa nyuzi zake zinavimba, kamba inanenepa, na ikinenepa inafupika. Wewe umeikaza kavu mchana mpaka ngoma, usiku ikalowa ikataka kufupika zaidi, haina pa kupata urefu ila kwenye kona ya turubai. Sisi tulifanya kazi za majahazi kamba zikiwa za katani na za usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, na mvua ikianza usiku nahodha anatuamsha tulegeze kamba za mlingoti kabla hazijakaza. Ukichelewa unatukanwa mpaka asubuhi.

Kwa hiyo unataka mafundo mawili. La kwanza la kwenye kona, kitanzi kisichojikaza. Fanya kiduara kidogo, kamba ndefu ikae chini yake. Kiduara ni shimo la kaa, kamba ndefu ni mkoko, ncha ni kaa mwenyewe. Kaa anatoka shimoni kwa chini, anapita nyuma ya mkoko, anauzunguka, anarudi shimoni mle mle alimotoka. Vuta mkoko. Ncha iachie shibiri nzima, hasa kama ni plastiki, maana plastiki ni ngumu na inateleza, hupenda kujirudi. Kitanzi hiki hata kivutwe na chombo kizima, mzigo ukiondoka ukikunja mgongo wake kidogo kinaachia.

La pili la kwenye mti, na hili ndilo dawa yako. Ncha izungushe mti irudi kwenye kamba iliyonyooka. Izungushe kamba hiyo mara mbili ndani ya kitanzi, ukielekea mtini. Kisha ruka mizunguko hiyo, toka nje upande wa turubai, zungusha mara moja tena na ncha ipite chini ya mzunguko huo wa mwisho. Kaza. Ukilishika kwa mkono linatembea juu ya kamba, ukiliacha turubai livute, linang'ang'ania. Kamba ya plastiki izungushe mara tatu ndani, mbili haitoshi. Jua likizama sogeza fundo, ulegeze upana wa vidole vinne. Legeza katani ikiwa bado kavu. Ikishalowa na kuvimba, fundo halitembei kirahisi.

Tena Desemba kaskazi itakuwa imeingia. Agosti mlikuwa na kusi, upepo utakuja kutoka upande mwingine. Usifunge kama mlivyofunga mara ya kwanza kwa mazoea. Upande wa turubai uliofungwa chini zaidi uelekeze unakotoka upepo. Na minazi msilale chini yake, hata kama ina kivuli kizuri kuliko mivinje. Nazi haipigi hodi.

Mwana wa Mkonge

Babu shikamoo. Naongeza dogo tu kuitetea katani, maana nimezaliwa kambini, baba alikuwa mkata mkonge. Wapo hapa Tanga wanaosema katani imepitwa. Mkonge, mmea unaotoa hiyo katani, uliletwa na Mjerumani Hindorf mwaka 1893, na vichipukizi vilivyofika hai vilikuwa 62 tu. Tumekula kwa hiyo kamba miaka mingi, tusiitukane.

Lakini dada, uliyonunua inaonekana ni ile ya uzi mmoja, ya kufungia marobota na nyasi. Ile si ya kuvutia kitu. Itazame mwishoni: kamba yenyewe ina nyuzi tatu nene zilizosokotwa pamoja. Pia ikauke kabla hujaiweka stoo, ikioza ndani hujui mpaka ikatike.

Na kona iliyong'oka pete usitupe turubai. Weka kokoto laini ndani ya turubai, sentimita kumi hivi kutoka ukingoni, likunje kama unafunga peremende, na kamba uizungushe shingoni mwa hilo kokoto. Inashika kuliko pete.

Utingo Mstaafu

Babu nimekubali. Sikio langu nitabaki nalo kwenye machungwa.

Binti wa Ngamiani

Asanteni sana, shikamoo Babu. Sasa na mahali pasipo na mti? Mbele ya mivinje ni mchanga mtupu, vigingi vilikuwa vinatoka kama meno ya mtoto.

Babu wa Sahare

Usichomeke, zika. Chukua gogo la urefu wa mkono, au mfuko wa sandarusi uujaze mchanga, ufunge kamba katikati yake. Chimba mpaka kwenye kiwiko, ulaze gogo kwa upana dhidi ya mvuto, kamba itoke kwa mshazari kuelekea turubai, ufukie ukanyage. Mchanga ukiumwagia maji unashika zaidi. Fundo lako la kutembea liwe juu, usilizike nalo.

Binti wa Ngamiani

Nimeshinda jana najifunza kwenye mguu wa kitanda. Fundo la kutembea nimelipata mara ya pili. Kaa kanisumbua, mara tatu kaingia shimo la jirani, ya nne kaingia kwake. Vile vipande kumi na moja nimempa mdogo wangu aanikie nguo.

Mama kaja kusimama mlangoni, kanitazama muda, kaniuliza nafanya nini. Nikamwonesha kaa na mkoko wake. Kacheka. Kasema hilo ndilo marehemu babu yangu alikuwa akifungia mbuzi shingoni ili wasijinyonge, na yeye analijua tangu mtoto. Nikamuuliza mbona Kigombe tulipotaka kwenda hukusema? Kasema hamkuniita.