Unakaimu cheo miaka nenda miaka rudi, halafu unaletewa fomu ati unafurahia kazi?

Wakuu, wacha nitoe hii kitu moyoni maana imenijaa. Wameleta tena ile fomu ya kila mwaka, ya kuuliza kama wafanyakazi wameridhika, weka alama 1 mpaka 5, mkubwa wako anakusikiliza, unaona nafasi ya kupanda. Nimeweka 1 kutoka juu mpaka chini na jina langu nikaandika, wakitaka waniite.

Mimi ni wa serikali hapa Nairobi na kiti ninachokalia si changu. Mwenyewe alistaafu, nikapewa barua nikaimu, marupurupu ya kukaimu yakaingia ile miezi ya kwanza halafu yakakatwa, kazi ikabaki. Mikutano naenda mimi, mwananchi akija na hasira juu ya faili lake kupotea analetwa kwangu, lakini kila barua natia sahihi kwa niaba ya mtu ambaye hayuko, na mlangoni bado kuna jina la yule mzee. Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya 2017 inasema kukaimu kusizidi miezi 6. Nani anaifuata? Ukienda kwa watu wa HR unaambiwa ngoja nafasi itangazwe. Mwenzangu wa ghorofa ya chini alingoja hivyohivyo, ilipotangazwa akaletwa mtu wa kutoka nje, na yeye ndiye akaambiwa amfundishe kazi. Katiba kifungu cha 232 kinataka watu wapandishwe kwa ushindani wa haki na sifa zao, sasa hiyo ni sifa gani jameni?

Na ukikwama gredi moja mshahara unarudi nyuma kabisa, pensheni 7.5%, bima ya afya ya SHA 2.75%, tozo ya nyumba 1.5%, bado ushuru, bado mkopo wa sacco, na mvua ikinyesha tu jioni matatu wanapandisha nauli.

Najua mtasema wafanyakazi wa serikali ni wavivu, wanatundika koti kwenye kiti wanapotea mpaka saa kumi. Wapo, na siwatetei. Lakini kuna mmoja kwetu namjua vizuri, alikuwa anafungua ofisi kabla ya mesenja kufika, faili zake zimepangwa mpaka unaona raha, akajilipia diploma masomo ya jioni, cheti kikaingizwa kwa faili lake na hapo ndipo kiliishia, hakuna barua, hakuna hata asante. Siku hizi saa nne ameshatoka. Huyo nani alimharibu? Mtu hazaliwi hivyo, anafinywa na ofisi pole pole mpaka anaona heri auze viatu soko la Gikomba.

Tangu 2004 ni mikataba ya utendakazi, malengo yanaongezwa tu, na tona ya printa ikiisha tunachanga mifukoni mwetu ndio mwananchi wa kaunta asirudishwe nyumbani, hiyo hakuna fomu inayouliza!

Sasa naomba, kama kuna mtu hapa aliwahi kuiandikia tume moja kwa moja juu ya kukaimu, aseme barua alipitisha wapi na alijibiwa nini. Na kama baada ya hapo alipewa uhamisho wa kumkomoa, pia aseme, nisiingie nikiwa gizani. Barua yangu nishaiandika, wiki ijayo inaenda.