Binti anataka udaktari: aanzie chuo cha jamii, chuo kikuu, au uuguzi kwanza? (Columbus, Ohio)

Mama wa Nyarugusu

Salaam wapendwa. Binti yangu anamaliza darasa la 12 mwakani hapa Columbus, na tangu tukiwa kambini Nyarugusu wimbo wake ni mmoja tu: udaktari. Grin kadi tunazo. Mezani kuna njia tatu. Aanze Columbus State, chuo cha jamii cha miaka miwili, kisha ahamie chuo kikuu cha Ohio State. Au aingie Ohio State moja kwa moja, maana walimu wake wanasema alama zinamtosha. Au asome uuguzi kwanza, apate kazi, udaktari ufuate baadaye. Hii shangazi zake wote wanaitetea. Kanisani nimeambiwa vyuo vya udaktari havimtaki mtu aliyepitia chuo cha jamii. Ni kweli? Baba yao mgongo umemweka nyumbani, kwa hiyo suala la ada kwetu ni zito.

Kijana wa Uvira

Mama, heshima kwako. Hilo la kanisani si kweli. Mimi nilianzia chuo cha jamii Kentucky na sasa niko mwaka wa pili wa udaktari. Ukweli ni kwamba vyuo vya udaktari havina msimamo mmoja. Vingine vinapokea krediti za chuo cha jamii bila neno, vingine vinazipokea lakini vinapenda kuona sayansi za juu zimefanyiwa chuo kikuu. AAMC, umoja wa vyuo vya udaktari Marekani, wana orodha iitwayo MSAR, ambamo kila chuo kinachotoa MD (shahada ya udaktari) kinaeleza kinachotaka. Binti asome humo, chuo kimoja kimoja.

Chuo cha jamii kilinipa kitu ambacho nisingekipata kwenye ukumbi wa watu mia tatu. Darasani tulikuwa wachache. Mwalimu wa biolojia alijua kwamba nafika nikitoka zamu ya usiku ghalani, akanikalisha ofisini kwake mpaka nikaelewa mgawanyiko wa seli. Vyuo vya udaktari huomba barua za walimu wa sayansi, na barua ya mtu anayekujua hivyo ina uzito.

Na hata sasa, kabla hajafika popote, asome Kiingereza kigumu kila siku: magazeti, insha, falsafa. MCAT, mtihani wa kuombea udaktari, ina sehemu nne, na moja ni kusoma na kuchambua matini tu, bila sayansi yoyote ndani yake. Sisi tuliokulia Kiswahili na Kifaransa ndipo tunapoumia.

Bint Pangani

Mimi naona aende moja kwa moja, na sababu yangu ya kwanza ni hiyo hiyo pesa. Watu wengi wa jamii yetu hukimbilia chuo cha jamii kwa kuamini chuo kikuu ni cha wenye uwezo. Ohio State wana Buckeye Opportunity Program: mkazi wa Ohio anayestahiki Pell (ruzuku ya serikali kuu kwa wenye kipato kidogo), msaada unapangwa hadi ada na tozo za lazima ziwe zimefunikwa. Pell yenyewe kwa mwaka wa 2025–26 inafika dola 7,395, na hairudishwi. Kinachobaki ni chakula, malazi na vitabu. Akilala nyumbani, malazi yanapungua sana.

Upande wa pili nao, ili niwe mkweli: kama shule yake iko chini ya Columbus City Schools, aulizie Columbus Promise, inayolipa ada ya Columbus State. Kwa hiyo huenda ada ikawa sifuri kote kuwili! Ndiyo maana nasema msiamue kabla ya barua za misaada kufika. Mkumbuke pia kwamba skolashipu nyingi hutolewa kwa wanaoanza mwaka wa kwanza, na anayehamia mwaka wa tatu hukuta nyingi zimeshagawiwa.

Jingine: maabara za utafiti na hospitali ya chuo viko palepale. Anayehamia ana miaka miwili tu ya kujuana na watu.

Mwalimu wa Maabara

Nafundisha kemia chuo cha jamii, jimbo jingine. Wote wawili mmesema vizuri, ila mimi ningeanza na swali tofauti: binti yuko wapi kwenye hesabu?

Nauliza kwa sababu saa ya safari hii ni kemia. Kemia ya jumla ni mihula miwili. Bila hiyo huingii kemia ya ogani, nayo miwili. Bila ogani huingii baiokemia, mmoja. Hiyo ni mihula mitano iliyofungana, hakuna wa kurukwa, na MCAT inauliza yote. Anayetaka kuingia udaktari mara tu baada ya miaka minne ya digrii ya kwanza hufanya MCAT mwaka wa tatu na kutuma maombi kiangazi cha mwaka huohuo. Sasa mtoto akiwekwa kwanza kwenye hesabu za maandalizi, kemia inasogea muhula au miwili, na kila kitu kinasogea nayo. Si msiba, ila familia ijue mapema isije ikadhani mtoto amefeli.

Akichagua Columbus State, namsihi mambo haya. Kemia ya jumla aimalize yote huko, na biolojia yote huko. Asichukue nusu hapa na nusu kule, mitaala haipandani sawasawa. Ogani, baiokemia na ikiwezekana fizikia aziache hadi Ohio State, hapo hakuna chuo kitakachouliza kama anaweza masomo ya chuo kikuu. Lakini muhula wa kwanza baada ya kuhama asibebe ogani, fizikia na biolojia ya seli kwa pamoja. Nimewaona vijana wenye A tupu wakiangushwa na muhula huo mmoja.

Na tafadhali, mama, hili lisimpite: kuna kozi za kemia na biolojia zilizotungwa kwa wanafunzi wa uuguzi na fani nyingine za afya. Jina linafanana, krediti zinafanana, lakini vyuo vya udaktari kwa kawaida vinataka zile za wanaosomea sayansi. Kuna mpango uitwao Preferred Pathway kati ya Columbus State na Ohio State. Aonane na mshauri wa mpango huo muhula wa kwanza, akiwa na orodha ya kozi mkononi, apate majibu kwa maandishi.

Nesi wa Usiku

Shangazi wanamtakia mema, na mimi ni RN (nesi aliyesajiliwa), naipenda kazi yangu. Lakini uuguzi si ngazi ya chini ya udaktari. Ni taaluma yake. Ukimaliza digrii ya miaka miwili na kufaulu NCLEX, mtihani wa leseni, unaanza kulipwa, ni kweli, ila kozi za uuguzi zenyewe hazihesabiwi kwenye GPA (wastani wa alama) ya sayansi ya AMCAS, mfumo wa maombi ya vyuo vya udaktari, na kemia yote aliyoitaja Mwalimu bado inakusubiri. Kisha mshahara unaanza kutuma pesa nyumbani, ndugu wanazoea, na kurudi darasani kunakuwa kugumu mno. Kama anataka kuwagusa wagonjwa mapema, achukue cheti cha CNA (msaidizi wa nesi) kiangazi. Wiki chache tu, na atajua kama moyo uko huko kweli.

Kaka wa Temeke

Kuna njia ya nne: Muhimbili, MUHAS, miaka mitano na mmoja wa intani. Hakuna kusoma digrii ya kwanza kabla.

Kijana wa Uvira

Kaka, ni chuo kizuri, lakini akitaka kufanya kazi Marekani atapita ECFMG (wanaothibitisha madaktari waliosoma nje), mitihani ya leseni ya USMLE na kugombea nafasi za mafunzo kama aliyesoma ng'ambo. Kwa aliye na grin kadi tayari, sioni sababu.

Halafu kuhusu mikopo: kuanzia Julai 1, 2026 wakopaji wapya wa vyuo vya udaktari hawapati tena mkopo wa serikali uitwao Grad PLUS. Mkopo wa serikali uliobaki una ukomo wa dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Digrii ya kwanza aimalize bila deni, au na deni dogo sana.

Mama wa Nyarugusu

Mungu awabariki. Swali moja: akiwa sekondari alichukua kozi za chuo kupitia College Credit Plus. Kiingereza A, hesabu C. Ile C inafutika akianza upya?

Mwalimu wa Maabara

Haifutiki, mama. AMCAS inahesabu kila alama ya chuo, hata ya enzi za sekondari, na akirudia kozi, alama zote mbili zinahesabiwa. Lakini C moja ya umri wa miaka 16 ikifuatiwa na A za kalkulasi na kemia haimzuii mtu. Inanifanya nielemee Columbus State kidogo, ili hesabu aijenge kwenye darasa dogo. FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa ada wa serikali, hufunguliwa Oktoba. Ajaze, aombe vyuo vyote viwili, na barua za misaada zikija ziandike hapa bila majina, tuzipige hesabu pamoja.