Mbuzi na kondoo wanajikuna usiku kucha, dawa nimepiga lakini hali ni ile ile (Tabora)

mfugaji_uyui
Habari zenu wakuu. Niko Uyui huku Tabora, nina mbuzi wa kienyeji na kondoo wachache, wote wanalala banda moja. Sasa tangu mvua zikate hawa wanyama hawalali, usiku unasikia tu wanajisugua kwenye nguzo, asubuhi ukiwaangalia manyoya yametoka mabegani na tumboni, na majike wawili masikio na pua vimekuwa vigumu vina magamba mazito. Vitoto ndo vinaniumiza kichwa zaidi maana vinazaliwa vizuri, vinanyonya vizuri, wiki chache mbele vinanyong'onyea vinalala tu mpaka vinakufa. Duka la dawa za mifugo wakanipa amitrazi, ile ukichanganya na maji inakuwa nyeupe, nikapiga wote, siku ile wakatulia kidogo halafu yakarudi yale yale. Nikirudi dukani naambiwa niongeze kipimo. Mzee jirani yangu yeye anasema nichemshe tumbaku niwaogeshe. Je niongeze kipimo kweli au nichome sindano ya ivamektini? Msaada tafadhali.

Kalunde_boy
Pole mkuu. Kabla ya dawa, mdudu gani? Maana hujasema umeona nini mwilini. Kupe, chawa, viroboto, utitiri wa upele, kila mmoja ana dawa yake. Leo jioni vaa soksi nyeupe ndefu uingie bandani, usimame dakika chache huku unasogeza samadi na mguu, halafu toka uangalie soksi. Pia shika kitoto kimoja ufunue kope la chini uangalie ile nyama ya ndani, ni nyekundu au imepauka? Ikipauka ujue damu imepungua.

baba_wa_nzega
Dawa za dukani nyingi zimechakachuliwa siku hizi, msikilize mzee. Sisi Wanyamwezi tumbaku tunayo nyumbani, wazee walichemsha majani wakaogesha mbuzi, wadudu wote chini. Kwenye upele paka oil chafu ya gari. Hela ya dawa nunua chumvi ya kulambisha.

vet_mstaafu
Baba wa Nzega kwa heshima zote hapo kwenye tumbaku napinga. Tumbaku inaua wadudu ni kweli, lakini ile nikotini inapita kwenye ngozi inaingia mwilini, na hakuna anayejua sufuria lake limetoka na nguvu kiasi gani, leo majani makavu makali, kesho hafifu. Mbuzi mkubwa anaweza kuvumilia, kitoto cha kilo nne au tano kinaanza kutoa mate, kinatetemeka, kimekwenda. Oil chafu nayo inaunguza ngozi ambayo tayari imeumia, na mnyama anailamba. Na kuna tabia nyingine naiona sana huku Igunga na Nzega, mtu kabakiza dawa ya wadudu wa pamba anampigia mbuzi. Acheni kabisa. Hata lile bomba la mgongoni, kama limewahi kubeba dawa ya magugu usilitumie kwa mifugo, nunua lingine, suuza suuza haitoshi.

Nirudi kwa mleta mada. Usiongeze kipimo. Amitrazi ni dawa nzuri kwa kupe, chawa na utitiri wa upele, ila kwa kiroboto haina maana, hata uimimine chupa nzima utakuwa unamsumbua mnyama bure. Na ivamektini inamaliza upele na chawa wanaonyonya damu, kwa kiroboto haisaidii sana na kwa kupe ni hivyo hivyo. Kwa hiyo kama soksi ikitoka na vidoti vyeusi vinavyoruka, umepata jibu kwa nini hela yako imeliwa. Fanya alichosema Kalunde urudi hapa.

mfugaji_uyui
Wakuu nimerudi. Aisee. Soksi ilikuwa nyeusi mpaka karibu na goti, sidanganyi, nimetoka mbio mke wangu anacheka. Kope za vitoto zimepauka, kimoja ni nyeupe kabisa. Kupe nao wapo ila wachache, chini ya mkia na ndani ya masikio. Na wale majike wawili wa magamba je, nao ni viroboto? Maana hata mimi naanza kuwashwa mikononi.

vet_mstaafu
Wale wawili ni kitu kingine, huo ni upele wa utitiri, na huko kuwashwa mikono inawezekana umeambukizwa kwao, kwa hiyo vaa glavu. Watenge leo. Lainisha magamba kwa maji ya vuguvugu na sabuni, sugua na brashi laini mpaka yalegee, hapo ndo amitrazi uliyonayo itafanya kazi, kwa kipimo cha mbuzi kilichoandikwa kwenye lebo, usifuate cha ng'ombe, halafu rudia baada ya siku 7 hadi 10. Ukichagua sindano badala yake, ivamektini ya asilimia 1 ni ml 1 kwa kilo 50, chini ya ngozi, yaani mbuzi wa kilo 25 ni nusu ml, rudia baada ya wiki 2. Ila jike anayekamuliwa maziwa ya kunywa nyumbani usimchome, na nyama usiile mpaka siku za kwenye lebo ziishe.

Sasa viroboto. Hao unaowaona mwilini ni wachache, wengi wako chini bado ni mayai na mabuu kwenye vumbi na samadi, na wengine wamejifungia kwenye vifuko vyao ambavyo dawa haipenyi. Ukipiga mbuzi peke yake, wiki ijayo wanatoka wapya. Kwa hiyo toa wanyama wote, toa samadi yote mpaka ardhi ngumu, fagia kona na nyufa za ukuta, halafu piga saipamethrini ya mifugo, dawa ya kuua viroboto na kupe, sakafuni na ukutani mpaka kimo cha mbuzi, acha ikauke kabisa ndo uwarudishe. Siku hiyo hiyo piga na wanyama wakubwa, chini ya mkia, kwapani, tumboni, katikati ya kwato, mpaka walowe, asubuhi wakiwa wameshakunywa maji. Rudia banda na wanyama baada ya wiki 2. Vitoto vidogo usivilowanishe, tafuta dawa ya unga na usome umri kwenye lebo.

msafwa_kasulu
Naongezea. Sisi huku Kasulu tuliachana na sakafu ya udongo, banda limenyanyuliwa juu na sakafu ya fito zenye nafasi, kinyesi kinadondoka chini unakikusanya kila wiki. Kiroboto anakosa pa kulelea watoto wake. Ni gharama ya mara moja tu, fito na misumari. Na paka na mbwa wakilala bandani hao wanarudisha viroboto kila siku, watibu au wafukuze. Ila angalizo, saipamethrini usimpigie paka, inamuua.

Kalunde_boy
Na kama kuna mtu ana mizinga karibu mwambie mapema, saipamethrini inaua nyuki, piga jioni nyuki wameshalala. Mabaki usimwage mtoni wala bwawani, samaki hawaponi. Na una punda? Amitrazi kwa punda ni hatari, tumbo linasimama anakufa.

mfugaji_uyui
Punda sina, mizinga ya shemeji ipo ng'ambo ya shamba, nitampigia simu. Kwa vitoto vilivyopauka nifanyeje, vitapona?

vet_mstaafu
Viroboto vikiisha na mama akawa na maziwa vingi vinapona. Yule mweupe kabisa sikuahidi. Ila kupauka kunaletwa na minyoo pia, hasa kwa wale walioanza kula majani, kwa hiyo beba kinyesi kibichi kwenye mfuko msafi upeleke TVLA, maabara ya mifugo ya serikali pale Tabora mjini, wakipime kabla hujanunua dawa ya minyoo. Na hao kupe wachache usiwadharau, yule mkubwa mwenye rangi rangi mgongoni ndo analeta ugonjwa wa moyo kujaa maji, mbuzi anapata homa kali, anazunguka zunguka, anaanguka na kupiga miguu. Ukiona hivyo mwite mtaalamu siku hiyo hiyo, ugonjwa ule hausubiri.

baba_wa_nzega
Haya, tumbaku naiacha kwa mbuzi 😂 Mleta mada hiyo samadi unapeleka wapi? Mi nina bustani Kiloleni nakuja na toroli.

vet_mstaafu
Usiichukue hivyo hivyo utahamishia viroboto kwako. Airundike mbali na banda, ailowanishe, aifunike na nailoni ichemke wiki kadhaa, aigeuze katikati ili ya pembeni nayo iingie ndani, ndo uje na toroli lako.

mfugaji_uyui
Sawa, Jumamosi tunatoa yote na vijana. Baba wa Nzega ukija na koleo unapata bure, usipokuja tunaongea bei.