Karatasi ya mama imejaa vifupisho, nisaidieni kuisoma

Kitindamimba:
Habari zenu ndugu zangu. Mama karuhusiwa jana, na mimi ndiye ninayemuuguza nyumbani. Dawa tunazo, ila karatasi inanitoa jasho. Naandika kama ilivyo: "Known HTN. ?UTI. Chest NAD. Hb 9.8. Urine C/S sent." Kwenye antibayotiki wameandika "caps 1 BD 5/7", kwenye parasetamo "2 tabs PRN", mwisho "Review 2/52". Daktari alieleza mbiombio huku kaka akihangaika na usafiri. Mama ananiuliza ana nini, nami sitaki kumjibu kwa kubahatisha. Kaka anasema 5/7 ni tarehe 5 mwezi wa 7, mbona imeshapita? Na hiyo alama ya kuuliza?

Nesi wa Zamu:
Pole mdogo wangu, mama apate nafuu. Tuanze na dawa maana hazingoji. BD ni mara mbili kwa siku, kila baada ya saa 12. 5/7 si tarehe. Tazama namba ya chini: 7 ni siku za wiki, basi 5/7 ni siku 5. 52 ni wiki za mwaka, kwa hiyo 2/52 ni mrudi baada ya wiki 2. Ukikuta 12 chini, hiyo ni miezi. Amalize siku zote 5 hata homa ikishuka mapema.

PRN ni pale anapohitaji, akiwa na maumivu au homa. Hapa ndipo watu huumia, wakidhani ni bila kikomo! Vidonge 2 vya 500 mg ni gramu 1. Ukishampa, usimpe tena kabla ya saa 4 kupita, na ndani ya saa 24 isizidi mara 4. Kama mama ni mwembamba sana au ini lina shida, kiwango hupunguzwa, muulize mfamasia. Soma na maboksi ya dawa za mafua, nyingi zina parasetamo ndani.

HTN ni presha, na "Known" ni kwamba anayo tangu zamani. NAD kifuani: hawakuona kasoro. ?UTI ni kwamba wanashuku maambukizi ya njia ya mkojo, bado hayajathibitishwa. Kuanza tiba kwa kushuku ni kawaida, msione ni uzembe.

Mtu wa Maabara:
Niongeze kwenye C/S. Mkojo umeoteshwa waone kama kuna bakteria, kisha bakteria hao wanajaribiwa kwa dawa mbalimbali. Huchukua siku 2 au 3, ndiyo maana mmeondoka bila jibu. Lifuateni. Mkikuta S kwenye dawa anayotumia, inawamudu. Mkikuta R, ni sugu kwa dawa hiyo, rudini kwa daktari siku hiyohiyo. (Kwenye faili la mzazi herufi hizohizo ni upasuaji wa kujifungua, kwa hiyo angalia wodi kwanza.)

Kinachonisumbua ni Hb. Hiyo ni hemoglobini, gramu kwa desilita. Mwanamke asiye mjamzito akiwa chini ya 12 ana upungufu wa damu, na mama yuko 9.8. Sioni mahali walipoandika watafanya nini. Ulizeni, chanzo kitafutwe.

Kifunguamimba:
Nimemuuguza baba muda mrefu. Usitoke wodini kabla hujamrudishia nesi maelezo kwa maneno yako: "Kwa hiyo hii nampa asubuhi na usiku, siku 5, sivyo?" Akikubali, andika hapohapo juu ya boksi kwa kalamu ya maki. Usiogope kuonekana msumbufu, mgonjwa ni wako.

Kitindamimba:
Nimerudi, asanteni sana. Jibu la mkojo limetoka, kwenye dawa yetu kuna S. Kuhusu Hb, daktari kasema tumpeleke kesho asubuhi, tusingoje wiki 2. Dada Nesi, jana usiku mama alipitiwa na usingizi bila kunywa kapsuli. Leo nimpe mbili pamoja?

Nesi wa Zamu:
Hapana, usimrundikie. Mpe moja kwa saa yake, na kesho umwambie daktari kwamba dozi moja iliruka.