Naoga mara mbili kwa siku lakini kikwapa hakiishi, nisaidieni

Mnyamavu24: Wakuu, naombeni ushauri. Naoga asubuhi na jioni, najisugua hasa, lakini ikifika saa sita mchana kikwapa kimeshaanza. Nikipulizia pafyumu ndiyo naharibu kabisa. Jana nilikuwa napiga pasi shati lililofuliwa na kukauka vizuri. Pasi ilipogusa tu kwapa la shati, harufu ikapanda kana kwamba nimelivua sasa hivi. Siku hizi siinui mkono mbele za watu. Mimi ni mchafu?

Mama Pacha: Pole mwanangu, wewe si mchafu. Hiyo pasi imeshakuonyesha: shati lenyewe limeshika harufu. Ni la polista? Polista hushika harufu kuliko pamba. Ligeuze ndani nje, lilowekee maji yenye siki kidogo, ndipo ufue.

Tabibu_Mstaafu: Jasho likitoka halinuki. Kwapani kuna tezi zinazoamka wakati wa balehe, ndiyo maana mtoto mdogo atacheza juani kutwa na asitoe kikwapa. Tezi hizo hutoa jasho zito, bakteria wa kwenye ngozi wanalivunjavunja, na kinachobaki ndicho kinachonuka. Kuna watu, wengi wao Asia ya Mashariki, waliorithi aina ya jeni ya ABCC11 inayofanya kwapa lao karibu lisinuke kabisa. Kwa hiyo usijihukumu kwa jambo la maumbile. Tafuta sabuni ya benzoili peroksaidi, dawa inayoua bakteria hao, iache kwapani dakika mbili tatu, suuza vizuri. Angalia taulo lako, inachujua rangi.

Mnyamavu24: Asante sana, mashati yangu yote ya kazini ni polista! Deodoranti napaka nikitoka tu kuoga.

Tabibu_Mstaafu: Deodoranti inapunguza harufu tu, jasho haizuii. Chukua ya kuzuia jasho, yenye alumini, upake usiku kwapa likiwa kavu kabisa. Usiku jasho ni kidogo, dawa inapata nafasi ya kuziba vinyweleo.

Zuu: Na ukiona harufu imebadilika ghafla, au unalowa jasho usiku huku unakonda, nenda hospitali ukapimwe.

Mnyamavu24: Hapana, ni hii hii tangu balehe. Nimekuwa nikipaka limau baada ya kunyoa, panawaka sana.

Mama Pacha: Acha limau leo hii! Unajichoma ngozi bure. Pakishapona ndipo uanze hiyo sabuni.