Tupeane uzoefu: ni lini uliona kwamba kwa Waargentina mpira ni zaidi ya mpira?

Mtoto wa Ngamiani
Wakuu, salamu. Marehemu baba alikuwa fundi cherehani hapa Tanga. Ukutani juu ya cherehani alibandika picha moja tu: Maradona, mchezaji wa Argentina, akiwa na Kombe la Dunia, Mexico 1986. Nilidhani anapenda chenga zake. Siku moja akaweka mkasi chini, akanisimulia kwamba Waingereza waliofungwa mabao mawili tarehe 22 Juni ndio waliopigana na Argentina kule visiwa vya Malvinas (Waingereza huviita Falklands) mwaka 1982, na Waargentina 649 hawakurudi. Bao la kwanza Maradona alifunga kwa mkono. La pili aliuchukua mpira nusu yake, akawalamba chenga hadi kipa. "Wenyewe wanayapenda yote mawili," baba alisema, "na lile la mkono pia." Aliyefika huko au aliyeishi nao, atusimulie.

Baharia wa Likoni
Mdogo wangu, mimi fainali ya Kombe la Dunia 2022, Argentina na Ufaransa, ilinikuta Rosario, mji wa Argentina. Meli yetu ilikuwa mto Paraná ikingoja kupakia soya, nahodha akaturuhusu kushuka. Mechi ilianza saa 6 mchana kwa saa za kule. Mkahawa umefurika, wengine wamekaa sakafuni. Pembeni yangu bibi mmoja ameshika jezi ya mtoto, ameikunja kama leso, na kila Mbappé wa Ufaransa akigusa mpira anajifunika nayo uso. Argentina wako mbele 2-0, nikajua yameisha. Dakika ya 80 na 81 Mbappé akasawazisha, pakawa kimya hadi nikasikia friji inavuma.

Ikafika 3-3, penalti. Montiel wa Argentina alipofunga ya mwisho watu walipanda juu ya meza. Yule bibi alibaki pale pale analia, akasema neno, na mpishi wetu Mperu akanitafsiria: "Sasa wamwache."

Alimaanisha Messi, mchezaji wao, mtoto wa mji ule. Aliondoka na miaka 13 kwenda Barcelona, na kwa miaka mingi wapo wenzake waliomwambia si Mwargentina kamili, hata wimbo wa taifa haimbi. Maradona alikulia Villa Fiorito, akacheza potrero, yaani uwanja wa vumbi kama wetu wa chandimu. Kule wanaamini mchezaji wao halisi huzaliwa kwenye vumbi lile, hafundishwi na kocha. Messi alilelewa na akademia ya Ulaya, na hilo ndilo deni alilodaiwa.

Shangazi wa Kisumu
Na kombe lilipofika nyumbani?

Baharia wa Likoni
Tulikuwa tumeshang'oa nanga, shangazi. Tuliona kwenye simu: Buenos Aires mamilioni wako barabarani, basi limeshindwa kupita, wachezaji wakamalizia kwa helikopta.

Dada wa Madrid
Mimi nilipanga nyumba moja na dada wa Buenos Aires. Tarehe 25 Novemba 2020 alikuwa anakaanga vitunguu, simu ikaita: Maradona amefariki. Akazima jiko. Alikuwa anaongea na baba yake, lakini sikusikia neno, walikuwa wanalia tu, huyu huku na yule kule.

Ila ndugu zangu, si furaha tupu. Mama wa dada yule hataki kusikia habari za 1978. Argentina walichukua kombe kwa mara ya kwanza, 3-1 dhidi ya Uholanzi, kwenye uwanja wa klabu ya River Plate, Buenos Aires, majenerali wa jeshi wakitawala. Si mbali na uwanja ule ilikuwepo ESMA, chuo cha jeshi la majini, ambako watu waliotekwa waliteswa. Walionusurika wamesimulia kwamba shangwe za mabao ziliwafikia humo ndani. Kaka wa mama huyu alichukuliwa mwaka mmoja kabla, hajaonekana hadi leo. Na siku ya fainali ile mama mwenyewe, msichana mdogo, alishangilia dirishani.

Fainali ya 2022 aliitazama. Aliwasha runinga bila sauti.