Yogati ya Greek ya stroberi: ni chakula ama ni kitamutamu tu?

Mama Wawili (Nakuru)

Hamjambo wadau. Niko Section 58 hapa Nakuru, na swali langu pengine ni la kijinga lakini limenisumbua wiki nzima. Tangu nijifungue kitinda mimba wangu nimekuwa nikijaribu kupunguza mwili, sasa dada mmoja wa kazini akaniambia niachane na chai na mandazi asubuhi nikule yogati ya Greek, ati iko na protini mingi na inashikilia tumbo mpaka saa saba. Nikaenda supamaketi nikachukua ile ya stroberi, bei yake karibu mara mbili ya yogati ya kawaida lakini nikajiambia wacha nijaribu. Nimeikula karibu mwezi, tamu ajabu, hata watoto wananiibia, huyu wa miaka sita na yule wa mwaka mmoja na nusu.

Juzi nikingoja matatu ijae nikageuza kikopo nikasoma nyuma. Sukari gramu 13 kwa kila gramu 100. Na kikopo ni cha gramu 150! Si hiyo inakaribia gramu 20 jamani? Sasa hiyo sukari ni ya maziwa yenyewe ama wameongeza? Na nikirudi kwa mala yangu ya kawaida nitakuwa nimepoteza nini? Mizani nayo imekaa pale pale kama jiwe la kusagia.

lishe_ksm

Swali si la kijinga dada, mimi nasomea mambo ya lishe hapa Kisumu na hii tunaulizwa kila siku. Yogati ya Greek ile ya ukweli ni yogati ya kawaida tu ambayo imechujwa maji yake, yale ya rangi ya kijani-manjano unayaonaga juu ukifungua kikopo. Maji yakitoka yanaondoka na sehemu ya laktosi, yaani sukari ya maziwa, na kinachobaki kinakuwa kizito na protini inajikusanya. Ndio maana ile isiyo na flava wala mafuta unapata protini kama gramu 10 kwa kila gramu 100 na sukari 3 mpaka 4 hivi, wakati yogati ya kawaida isiyotiwa sukari iko na protini kama 3 na nusu.

Sasa piga hesabu ya kikopo chako. Kwa hizo 13, kama 4 ni za maziwa, 9 zilizobaki zimetoka kwa sukari ya kuongezwa pamoja na tunda kidogo kama kweli liko ndani. Kwa gramu 150 hiyo inafika 13 na nusu, na kijiko cha chai cha sukari ni kama gramu 4, kwa hivyo unakula vijiko vitatu na kitu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilisema sukari ya kuongezwa isipite asilimia 10 ya nguvu unayokula kwa siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu wa kalori 2000 ni kama gramu 25. Kikopo kimoja kimekula nusu yake na bado hujakunywa chai.

Kitu kingine watu hawasemi, yale maji yanayochujwa yanaenda pia na kalisiamu. Kwa hiyo ukitafuta mifupa si lazima Greek, mala inakutosha na inaweza hata kuishinda. Kikombe cha mala cha mililita 250 kiko na protini kama gramu 8, usiidharau.

jaduong_wa_dunga

Yogati ya Wagiriki mnakula nyinyi na omena iko hapa ziwani inalia. Yai moja gramu 6 za protini na halina stroberi. Endeleeni tu.

kibe_wa_chuma (Eldoret)

Ngojeni, msimtishe mama wa watu. Mimi nainua chuma mara nne kwa wiki na hiyo ya vanila ndiyo nakula nikitoka jimu. Soda ya mililita 300 iko na sukari zaidi ya gramu 30 na protini sufuri, na hakuna mtu anaenda kuandika swali juu yake. Greek ya flava kama ni ya kweli bado inakupa protini kama gramu 8 kwa kila 100, yaani kikopo chako ni kama mayai mawili. Mimi sijali hiyo sukari ndogo.

Lakini hapo kwa "kama ni ya kweli" ndipo kuna maneno. Zingine zimeandikwa "Greek style" na hazijachujwa kabisa, wameweka wanga wa mahindi ama jelatini ndio iwe nzito. Uzito wa kijiko usikudanganye, angalia namba ya protini. Ikiwa ni 4 ama chini, hiyo ni yogati ya kawaida imevaa suti.

lishe_ksm

@kibe_wa_chuma nakubali hiyo ya suti 😂 lakini wewe unachoma kwa jimu, huyu anakaa kwa dawati mpaka jioni na anataka kupunguza. Tena kuna mtoto wa mwaka mmoja na nusu hapo. Chini ya miaka miwili hatushauri sukari ya kuongezwa kabisa, maana ulimi wao ndio unajifunza sasa, ukizoea stroberi ya kikopo hata ndizi utaikataa.

Shosho wa Njoro

Mwanangu, mbona usitengeneze? Mimi nanunua maziwa kwa jirani lita mbili, nachemsha, naacha yapoe mpaka kidole kivumilie, naweka vijiko vitatu vya yogati isiyo na sukari, nafunika sufuria na blanketi usiku. Asubuhi imeshika. Halafu natandika kitambaa safi kwa kichungi, namwaga, naweka kwa friji mpaka jioni. Inapungua sana usishtuke, karibu nusu inakuwa maji, lakini hayo maji simwagi, nakandia chapati, zinakuwa laini hutaamini.

Utamu weka papai ama ndizi iliyoiva kabisa. Usikimbilie asali ukidhani ni dawa, mjukuu wangu ni muuguzi na ameniambia hao wa afya wanaihesabu sukari tu kama ile nyingine. Na mtoto ambaye hajafika mwaka hapewi asali kabisa, si wako lakini nasema kwa wengine wanaosoma.

kibe_wa_chuma (Eldoret)

Shosho tuma chapati Eldoret.

Mama Wawili (Nakuru)

Asanteni wote, shosho asante sana. Nimeenda kwa friji saa hii na tochi ya simu kwa sababu stima imepotea. Protini gramu 3.9. Kwa viungo wameandika maziwa, sukari, wanga wa mahindi, jelatini, flava ya stroberi, rangi. Stroberi yenyewe haiko hata moja. Na mbele kwa herufi kubwa GREEK, halafu "style" imeandikwa ndogo chini ya picha ya tunda, mwezi mzima sijawahi kuiona.

Yaani nimekuwa nikilipa mara mbili kwa yogati ya kawaida iliyotiwa unga 😭. Vikopo viwili vimebaki, nitampelekea yule dada wa kazini. Shosho, hicho kitambaa leso ya pamba inaweza, ama itapitisha rangi?

Shosho wa Njoro

Inaweza, bora ni ya zamani imefuliwa sana. Ichemshe kwanza.